Namna ya kuhesabu siku za Nipah: kuanzia siku ya mguso hadi siku ya 45

Kuku wa kienyeji akianza kulalia mayai, mama yeyote wa Mafinga anajua asubiri siku 21. Siku ya nane hafunui kiota akatangaza kwamba mayai yameoza. Ndani ya ganda kuna kazi inaendelea, na aliye nje hana cha kuona. Virusi navyo huatamia, vikiwemo vya Nipah, ugonjwa wa homa ya ubongo unaotoka kwa popo wa matunda wa Asia. Kuna siku vilipoingia mwilini, na kuna siku ya homa ya kwanza. Siku zilizo katikati, ambazo mtu anakula, analima na kucheka kama kawaida, ndizo kipindi cha kuatamia.

Kilichonifanya niandike hili ni mama mmoja muuza vitumbua wa mtaani kwetu. Machi 2023 Marburg, ugonjwa mwingine wa virusi, ilitangazwa mkoani Kagera, na kabla haijaisha ilikuwa na wagonjwa 9 na vifo 6. Kijana wa yule mama alikuwa amerudi kutoka Bukoba. Basi vitumbua vikadoda. Watu waliokuwa wakipanga foleni saa kumi na mbili asubuhi wakawa wanavuka barabara. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nikaenda kumwona.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Na wewe hutaki kukaa?”

Nilikaa. Tukaitafuta tiketi ya basi ya kijana, tukachukua kalenda ya ukutani na kuhesabu pamoja kuanzia siku aliyotoka kule. Zilikuwa siku 26. Marburg huatamia kati ya siku 2 na 21. Kijana alishavuka zamani, na hata mgonjwa hakuwahi kukutana naye. Siku zote zile hakuna aliyekuwa amehesabu, nami nikiwemo, na biashara ya mama wa watu ikafa kwa kutohesabu tu.

Hadi ninapoandika, hakuna mgonjwa wa Nipah aliyethibitishwa Tanzania wala kwingine Afrika. Lakini ndugu zetu wa Mbeya, Njombe na Iringa wanakwenda India kutibiwa na kusoma, na kila jina la Nipah likisikika redioni simu huanza kuita: “Shemeji karudi juzi, tumfanyeje?” Mwongozo huu ni jibu la simu hizo.

Namba zenyewe kwanza

Kwa kawaida Nipah huatamia siku 4 hadi 14. Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapoangukia. Bangladesh, ambako ugonjwa umekuwa ukirudi karibu kila mwaka tangu 2001, wengi huanza kuumwa siku ya 9 au ya 10 hivi. Malaysia, ulikotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na 1999 katika mabanda ya nguruwe, wengi wa wagonjwa walikuwa wameshika nguruwe ndani ya wiki mbili kabla ya homa. Wapo wachache sana waliochelewa, na muda mrefu kabisa ulioripotiwa ni siku 45.

Kwa hiyo shika namba tatu. Siku ya 14 hatari kubwa imeshapita. Siku ya 21 ndiyo ambayo jimbo la Kerala, India, hutumia kuwafuatilia waliotangamana na mgonjwa. Siku ya 45 ni mpaka wa mbali. Ukisikia mlipuko umetangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, hizo ni 21 mara mbili. Sisi wenyewe tulihesabu 42 kwa Marburg.

Mwenye kuuliza kwa nini tusimfungie kila mtu siku 45 tukalala usingizi, ajue kwamba kipindi cha kuatamia hakimfanyi mtu awe mgonjwa. Kwa Nipah, walioambukiza wengine ni wagonjwa wenye dalili, hasa waliozidiwa, wanaokohoa na kupumua kwa shida, na njia ni mate, makohozi, mkojo na damu. Bangladesh ilichunguza wagonjwa 248 wa kati ya 2001 na 2014, ikaonekana theluthi moja tu walipata virusi kutoka kwa binadamu mwenzao, tena wagonjwa wengi hawakumwambukiza mtu hata mmoja. Mtu mzima wa afya aliye siku ya sita ni wa kuangaliwa. Kumkimbia hakumlindi yeyote, na humfundisha kuficha homa ikija, na homa iliyofichwa ndiyo inayoua familia nzima.

Hatua ya kwanza: uliza kama kuna cha kuhesabu

Kutua Songwe ukitokea Mumbai hakukufanyi kuwa mtu aliyekutana na virusi vya Nipah. India ni nchi kubwa mno, na milipuko yake imekuwa sehemu chache, hasa Kerala na Bengal Magharibi. Uliza mambo haya, kwa upole, mkiwa mmekaa:

- Ulimhudumia, ulimwosha au ulilala chumba kimoja na mtu aliyekuwa na Nipah au aliyekufa kwa homa ya ubongo isiyoeleweka?
- Ulikaa hospitalini, kama mgonjwa au muuguzaji, mahali palipokuwa na mgonjwa wa Nipah?
- Ulikunywa utomvu mbichi wa mtende, au kula tunda lililokuwa limetafunwa na popo?
- Uligusa popo, au nguruwe na farasi waliokuwa wagonjwa?

Swali la pili ndilo watu hulipuuza. Kerala mwaka 2018 ugonjwa uliua watu 17, na wengi wao walipatia hospitalini, wengine kwa kukaa tu kwenye korido moja na mgonjwa aliyekuwa anakohoa. Siliguri, Bengal Magharibi, mwaka 2001 ilikuwa hivyohivyo, wagonjwa 66 na hospitali zikiwa kitovu. Kwa hiyo anayerudi baada ya kumuuguza mzazi huko, muulize kuhusu wodi kabla ya kumuuliza kuhusu popo.

Kama majibu yote ni hapana, kalenda irudishwe ukutani. Mpeni ndugu yenu chakula.

Hatua ya pili: itafute siku sifuri

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Siku sifuri ni siku ya mwisho ya kukutana na virusi. Watu huanza kuhesabu tangu siku aliyotua, kwa sababu tarehe ya ndege imeandikwa. Wengine huanza siku waliyosikia habari. Wengine huanza siku ya kwanza ya kumuuguza mgonjwa, na kama waliuguza wiki mbili, hesabu yao imeibiwa wiki mbili.

Tuseme dada alimuuguza jirani wa kitandani huko Kozhikode, Kerala, kuanzia tarehe 25 Februari, akamshika kwa mara ya mwisho tarehe 3 Machi, akatua Songwe tarehe 6. Siku sifuri ni 3 Machi. Tarehe 4 ni siku ya 1. Tarehe 7 ni siku ya 4, dirisha la kuweza kuumwa linafunguka. Tarehe 17 ni siku ya 14. Tarehe 24 ni siku ya 21. Siku ya 45 inaangukia 17 Aprili. Angeanza kuhesabu tangu alipotua, angejifungia siku tatu za ziada, na hilo halina madhara. Lakini angeanza na tarehe 25 Februari, angejiachia tarehe 18 Machi huku kwa kweli akiwa siku ya 15. Hilo lina madhara.

Akigusana tena na mgonjwa mwingine, hesabu inaanza upya. Kuosha maiti ni mguso. Kwa desturi zetu, Wanyakyusa na Wahehe na Wabena, msiba una mikono mingi, na siku ya mwisho kwa aliyeuguza mara nyingi inakuwa siku ya kuosha na kuvisha. Usisahau kuiandika.

Na kila mtu ana kalenda yake. Mume hatumii siku za mke. Kwanza, mke akiwa hajaumwa, mume hana cha kuhesabu.

Hatua ya tatu: daftari

Nunua kaunta buku, hata la kurasa chache. Ukurasa mmoja unatosha. Safu tano: tarehe, siku ya ngapi, joto la asubuhi, joto la jioni, halafu unavyojisikia. Andika tarehe zote 21 mapema, siku hiyohiyo ya kwanza, kwa kalamu, ili asubuhi ya kuchoka isikukute unahesabu kwa vidole. Chora mstari mzito chini ya siku ya 14 na mwingine chini ya 21. Kisha, kwenye jalada la nyuma, andika tarehe ya siku ya 45.

Kipimajoto cha kidijitali kinapatikana duka la dawa. Pima kabla ya kuoga na kabla ya kunywa chai, maana chai ya moto ya asubuhi ya Makete itakudanganya ukipimia mdomoni. Kwapani weka hadi kilie. Nambari 38 na kuendelea ni homa. Na kama umemeza panadoli kwa ajili ya mgongo, iandike, kwa sababu inaweza kuficha homa kwa saa kadhaa.

Ndani ya siku hizi 21 mtu anaweza kufanya kazi zake za nyumbani na shambani. Asisafiri mbali. Basi la Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na homa ikianzia njiani hakuna anayejua abiria wa kiti cha pembeni anashukia wapi. Awe na kikombe chake, sahani yake na taulo lake. Kikombe cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kinachozunguka kilabuni apishane nacho. Salamu ya “kamwene” ni nzuri hata bila kushikana mikono. Kama ni muuguzi au mpishi wa shule, azungumze na mkuu wake mapema kabla ya kurudi zamu.

Watu huniuliza kuhusu kupima damu siku ya tatu ili wajue mapema. Kipimo cha PCR huvitafuta virusi vyenyewe kwenye majimaji ya koo, damu, mkojo au maji ya uti wa mgongo, na kinafanya kazi vizuri mtu akiwa anaumwa. Jibu safi la siku ya tatu halikutoi kwenye kalenda. Kujifukiza nako hakufupishi siku, wala antibayotiki, wala malimau. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa wala dawa ya kuua virusi hivi. Kilichopo ni huduma ya kumsaidia mgonjwa apumue, asikaukiwe maji na asipate degedege, na huduma hiyo ina nguvu zaidi akifika mapema.

Hatua ya nne: homa ikija

Dalili za mwanzo hazina utambulisho: homa, kichwa, misuli, kutapika, koo kuwasha. Zinafanana na tumbo la taifodi, mafua ya Juni na malaria. Baadaye hufuata kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, na wengine kikohozi na kukosa pumzi. Hali ikiwa mbaya, ubongo huvimba, degedege huanza, na mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya saa 24 hadi 48. Kati ya wagonjwa 100, hufa 40 hadi 75, kutegemea mlipuko na huduma. Malaysia wagonjwa walikuwa 265, wakafa 105.

Homa ikitokea ndani ya siku zako 21, usipande bodaboda wala daladala. Kaa chumba chenye dirisha wazi, vaa barakoa, mhudumu awe mmoja tu, naye avae barakoa na glavu na kunawa kwa sabuni. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au mpigie mganga mfawidhi wa zahanati yenu kabla ya kwenda, awaandalie njia ya kuingia bila kupita katikati ya akina mama wenye watoto.

Na sema tarehe. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka fulani nilimsindikiza ndugu yangu kituo kimoja, homa ya siku tatu, na aliyetupokea aliuliza “unaumwa nini?” basi, akaandika dawa ya malaria kabla ya kipimo. Hakuuliza ulitoka wapi, na sisi hatukusema. Haikuwa Nipah wala Marburg, lakini niliondoka najua kwamba sentensi moja ilikuwa imekosekana pande zote mbili. Tangu hapo nawafundisha watu waiseme wenyewe hata wasipoulizwa: “Nilitoka Kerala. Siku yangu ya mwisho kumgusa mgonjwa ilikuwa tarehe 3 Machi. Leo ni siku ya 11.” Kisha mpe daftari alione.

Kipimo cha malaria kifanyike, bila shaka. Ila huku juu kwetu malaria ni chache kuliko Pwani na Kanda ya Ziwa, na kipimo kikikataa malaria, kalenda yako ndiyo inayompa daktari pa kuanzia. Hata kikikubali, usiifiche kalenda, kwani mtu mmoja anaweza kubeba magonjwa mawili.

Homa ikija siku ya 30, je? Uwezekano ni mdogo sana, na pengine ni mafua. Lakini tarehe iliyo kwenye jalada la nyuma iliandikwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Piga simu, sema siku, waache waamue.

Hesabu ya kurudi nyuma

Kalenda husomwa pande zote mbili. Mtu akishaugua, hesabu hugeuzwa ili kupata alikoupatia. Ameanza homa tarehe 20 Machi? Ondoa siku 4, unapata 16. Ondoa 14, unapata 6. Kati ya tarehe 6 na 16 ndiko kwa kutafuta kwa bidii: alikula nini, alimuuguza nani, alikuwa wodi gani. Ukikosa, rudi hadi siku 21, yaani 27 Februari mwaka usio mrefu. Nimeona watu wakiulizwa habari za jana na juzi tu. Chakula cha jana hakileti homa ya Nipah ya leo, kwa sababu siku nne hazijatimia.

Bangladesh ndivyo walivyougundua utomvu wa mtende. Waliwauliza wagonjwa siku zao za nyuma, zikakutana kwenye kikombe kimoja. Mgema hukwangua mtende, hufunga chungu, utomvu hudondoka usiku kucha. Wakaweka kamera za kuona gizani, na popo wakaonekana wakilamba pale utomvu unapochuruzika. Asubuhi watu hununua, wanakunywa ukiwa bado wa baridi.

Mtu wa Iringa akisoma hayo anaona mbeta. Nami nimeiona: kipande cha mwanzi kimeegeshwa kwenye chipukizi lililokatwa, nyuki wawili watatu wamezama ndani, mgema anawatoa kwa jani na kumimina. Sisemi kwamba ulanzi wetu una Nipah. Popo wa Asia wanaobeba virusi hivi ni wa jamii ya Pteropus, na Tanzania bara hawapo, ingawa ndugu zao wako Pemba na Mafia. Huku bara tuna popo mkubwa wa matunda mwenye rangi ya majani makavu, yule ambaye kila mwaka hukusanyika kwa mamilioni Kasanka, Zambia, ng'ambo ya Tunduma. Kwa popo wa aina hiyo Afrika Magharibi zimepatikana kingamwili za virusi vya ukoo mmoja na Nipah. Ukoo, si Nipah yenyewe. Kwangu mimi hiyo inatosha kufunika mbeta usiku, hasa kwa kuwa dawa waliyoipata Bangladesh ni mkeka mdogo wa mianzi unaofungwa kuzunguka chungu na mahali palipokwanguliwa. Kusuka mianzi hakuna wa kutufundisha. Na asijidanganye mtu na ulanzi mkali: kule Bangladesh hata utomvu uliochachuka ukawa pombe uliwahi kuwaua watu. Kinachoua virusi ni kuchemsha.

Kwa wafugaji, Malaysia iliacha somo moja. Miti ya matunda ilipandwa karibu na mabanda, popo wakala juu, masazo yakaanguka chini, nguruwe wakayaokota. Zaidi ya nguruwe milioni moja waliuawa ili kuuzima ule mlipuko. Rungwe nimeona mabanda chini ya miparachichi, kivuli kizuri kabisa. Weka bati juu ya banda, au hamisha banda. Tunda lenye alama za meno lisipewe mtoto wala nguruwe.

Baada ya siku ya 21

Siku ya 21 jioni, joto likiwa la kawaida, mtu yuko huru. Mwambieni wazi, mbele ya majirani kama inawezekana. Mhudumu wa afya au balozi wa nyumba kumi aje, daftari lifunguliwe, mstari uonekane. Kwa yule mama wa vitumbua ndivyo tulivyofanya: nilinunua vya elfu moja, nikala nikiwa nimesimama pale pale barabarani, asubuhi, watu wakiona.

Kwa aliyeugua Nipah akapona, daftari linaendelea kwa namna nyingine. Wachache kati ya waliopona huugua ubongo tena baada ya miezi, hata miaka, na wapo waliobaki na degedege au tabia iliyobadilika. Hiyo haihesabiki kama kuatamia upya, ila daktari wa baadaye lazima aijue. Kwa hiyo ukurasa ule usichanwe kuwashia jiko. Uwekwe bahasha moja na kadi za kliniki, ukiwa na tarehe ya siku sifuri juu kabisa, kwa mwandiko unaosomeka.